Klachi ya Feni ya Gari la Chama: Namna ya Kuichagua

Katika vyama vya msingi vya wilaya ya Chunya gari si pambo la ofisi. Ndilo linalomfikisha afisa ugani mashambani, ndilo linalobeba nyaraka na pembejeo ndogondogo, na mara nyingine ndilo linalomkimbiza mgonjwa hospitalini. Wakati wa masoko ya tumbaku, gari moja lililochemsha maji porini laweza kuchelewesha mizani, na wakulima wakashinda juani wakingoja. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kueleza habari za kipuri kimoja ambacho makatibu wengi huombwa kuidhinisha fedha zake bila ya kuelezwa ni kitu gani: klachi ya feni.

Feni ya injini hukaa nyuma ya rejeta na kazi yake ni kuvuta hewa ipite katikati ya mapezi ya rejeta ili maji yapoe. Lakini haja ya feni si sawa wakati wote. Gari linapokwenda mbio katika lami, tuseme kati ya Mbeya na Makambako, upepo wa mwendo wenyewe hutosha. Feni ikizungushwa kwa nguvu zote wakati huo hula nguvu ya injini bure, na dizeli pamoja nayo. Kwa maana ukizidisha kasi ya feni mara mbili, nguvu inayotakiwa kuizungusha huongezeka kama mara nane. Ndiyo sababu magari mengi ya kazi, yakiwemo Toyota Land Cruiser na Land Rover, yakawekewa klachi baina ya pampu ya maji na feni.

Klachi hiyo haifanani na ile ya giaboksi. Ndani yake hamna bamba la kusuguana, bali mafuta mazito ya silikoni. Usoni pake ipo springi bapa iliyosokotwa, iliyofanywa kwa metali mbili zisizotanuka sawasawa zipatapo joto. Hewa itokayo kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi hujipinda na kufungua tundu la akiba. Mafuta huingia katika nafasi nyembamba iliyopo baina ya sahani inayozungushwa na injini na ganda lililobeba feni, na kwa unato wake hulivuta ganda lizunguke. Hewa ikipoa, tundu hujifunga, mafuta hurejeshwa akibani, na feni hulegea. Hata inapokamata vizuri, klachi haifungamani kabisa. Feni hubaki nyuma kidogo ya kasi ya pampu, na hiyo si kasoro.

Sasa tutazame hali yetu. Kutoka Makongolosi kwenda Chunya mjini na hadi Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 110, leo ni lami. Lakini gari la chama halikununuliwa kwa ajili ya lami. Ukielekea Lupa, Mamba au Matwiga na kuingia njia za mashambani, gari hutembea kwa gia ya pili katika mchanga, injini ikinguruma na mwendo ukiwa kama wa baiskeli. Hapo upepo wa mwendo haupo, na rejeta hutegemea feni peke yake. Basi klachi iliyochoka haijulikani barabara kuu; hujulikana porini. Dereva aliyerejea kutoka Mbeya atasema gari ni zima, na mwenzake aliyelipeleka shambani kesho yake atasema limechemka, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Tumepata kuona halmashauri ikimshuku dereva wa pili kwa jambo hili, nako ni kumwonea.

Liko na jambo la mwinuko. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na kadiri unavyopanda ndivyo kipimo hicho kinavyoshuka, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Barabara ya Chunya hadi Mbeya huvuka safu ya milima ya Mbeya kwa kimo cha zaidi ya mita 2,000, ambako maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 93. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima huyabana maji ili yasichemke upesi. Kilicholegea hupoteza faida hiyo. Kifuniko ni rahisi sana kukilinganisha na klachi, kwa hiyo kichunguzwe kwanza. Kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto.

Kabla ya kuandika hundi

Klachi isihukumiwe bila ushahidi. Kanuni moja husaidia sana: gari linalochemka likienda polepole, likipanda mlima au likisimama huku injini ikiunguruma, na likapoa likienda mbio, lina upungufu wa hewa, hapo mashaka ni juu ya klachi, mkanda wa feni, kava ya feni au rejeta iliyozibwa kwa nje. Gari linalochemka hata likienda mbio lina upungufu wa maji au wa mzunguko wake. Hapo tazama rejeta iliyoziba kwa ndani, thamostati na pampu. Katika nchi yetu ya miombo, baada ya masika, mbegu za nyasi na vumbi huunda kama mkeka mbele ya rejeta, na wako watu walionunua klachi mpya ilhali walichohitaji ni ndoo mbili za maji na saa moja ya kusafisha.

Klachi yenyewe hupimwa hivi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fundi aisukume feni kwa mkono. Iliyo nzima huzunguka kwa uzito na kusimama upesi. Ikizunguka kama gurudumu la baiskeli, mafuta yamekwisha; ikikataa kabisa kuzunguka peke yake, imeganda. Kisha ashike ncha ya panga la feni na kuitikisa mbele na nyuma: mchezo ukizidi milimita 6 hivi, beringi imechoka, au ya klachi au ya pampu, na ni lazima ijulikane ni ipi. Halafu atazame kama ipo michirizi ya mafuta yenye vumbi iliyotapakaa kutoka katikati kuelekea pembeni. Hiyo ni alama ya mafuta ya silikoni yaliyovuja. Mwisho asikilize. Asubuhi, injini ikiwa baridi, feni hunguruma kwa dakika moja au mbili kisha hutulia. Mchana, gari likipanda mlima, ngurumo hiyo hurudi. Isiporudi huku mshale wa joto ukipanda, klachi haikamati. Mafundi wengine hupima kwa kuingiza gazeti lililokunjwa katika feni inayozunguka. Jambo hilo limekatazwa, na katibu alikataze katika gereji yoyote inayohudumia gari la chama.

Land Cruiser si gari moja

Kosa kubwa katika ununuzi huanza kwenye barua ya maombi. Katibu huandika: "Tafadhali tupatieni bei ya klachi ya feni ya Land Cruiser." Maduka matatu hujibu, bei huachana mbali, halmashauri huchagua ya chini, na kitu kinachofika hakiingii. Barua hiyo haikuuliza swali. Land Cruiser iliyo uani kwako yaweza kuwa na injini ya 1HZ ya dizeli ya lita 4.2, iliyoanza kutolewa mwaka 1990, au 1HD-T yenye tabo, au ikiwa ni Prado, 1KZ-TE ya lita 3. Na klachi za injini hizo si moja. Zaidi ya hayo, magari mengi yamekwisha kubadilishwa injini, hata kadi ya gari haisemi tena kilichomo chini ya boneti. Kwa hiyo barua itaje namba ya chesisi, aina ya injini kama ilivyochongwa kwenye injini yenyewe, na ikiwezekana namba iliyopo juu ya klachi ya zamani.

Pamoja na hayo, klachi ya zamani ipelekwe dukani ilinganishwe. Pimeni matundu ya kuifungia kwenye pampu na umbali kati yake, matundu ya kufungia feni, na kimo cha klachi kutoka uso wa pampu hadi uso wa feni. Kimo kikizidi, mapanga hugusa rejeta. Kikipungua, feni hubaki nyuma, nje ya kava, na kuvuta hewa ileile inayozunguka hapo. Ulizeni pia injini inazungusha feni upande gani, kwa kuwa klachi ya upande mmoja haifai upande mwingine. Katika baadhi ya Land Rover klachi hushikwa na nati moja kubwa katikati; fundi ajue kwanza uzi wake ni wa kulia au wa kushoto, asije akaukaza akidhani anaufungua.

Halafu liko suala la kazi. Zipo klachi zisizo na springi ya joto, ambazo hukamata kwa kadiri moja siku zote. Ni za bei ndogo, lakini kwa mchanga wetu hazitoshi. Zenye springi nazo hutofautiana: za kazi nyepesi, na za kazi nzito zenye uso mpana wa kukamatia na mapezi mengi ya kutoa joto. Kwa gari la chama tunashauri ya kazi nzito, yenye kipimo kilekile cha kiwanda. Klachi nyingi za asili za Toyota hutengenezwa na Aisin ya Japan, na mara nyingi kitu kilekile hupatikana katika boksi la Aisin kwa bei iliyo chini ya boksi la Toyota. Lakini jina kwenye boksi hunakiliwa kwa urahisi. Tazameni maandishi yaliyochongwa kwenye chuma, si yale ya kwenye karatasi, na daini risiti ya EFD inayotaja kipuri kwa namba yake. Bidhaa bandia huripotiwa kwa Tume ya Ushindani, na risiti ndiyo ushahidi. Klachi ya mtumba hatuishauri: mafuta yake yana umri usiojulikana, na ukiwa dukani huwezi kuijaribu ikiwa moto.

Ikiwa beringi ni nzima na mafuta tu ndiyo yamepungua, baadhi ya klachi za Toyota zaweza kufunguliwa na kujazwa mafuta mapya ya silikoni. Toyota huyauza katika vichupa vya mililita 18, kwa namba 3,000, 6,000 na 10,000. Namba ikiwa kubwa, mafuta ni mazito zaidi na feni hukamata kwa nguvu zaidi. Mafuta ya injini hayafai hata kidogo.

Kuhusu kuchomelea

Wapo mafundi ambao, klachi ikishindwa, huitoboa na kuifunga kwa bolti, au kuichomelea, ili feni izunguke daima. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, vipuri vilipoadimika kwa uhaba wa fedha za kigeni, mtu aliweza kusamehewa. Leo hana udhuru. Feni iliyofungwa hivyo huzunguka kwa kasi yote ya pampu kila injini inapopandishwa. Beringi ya pampu huchakaa, dizeli huongezeka, na panga likikatika hupasua rejeta au kumjeruhi aliyesimama karibu. Ndugu yake ni ile desturi ya kutoa thamostati na kuitupa, ambayo huifanya injini iende baridi na kuchakaa kabla ya wakati, na ugonjwa wenyewe hubaki palepale. Ikiwa gari limekwama porini na hakuna njia nyingine, klachi ifungwe ili lifike nyumbani polepole, na katibu aandike siku hiyohiyo katika daftari la gari kwamba klachi imefungwa na ni lazima ibadilishwe.

Klachi mpya ikinunuliwa, isafirishwe na kutunzwa ikiwa wima, kama inavyokaa kwenye injini. Ikilazwa muda mrefu mafuta huweza kuvuja kupitia beringi. Siku ya kuifunga katibu awepo, au amtume mjumbe. Mkanda ukazwe, kava irudishwe mahali pake, kisha gari liwashwe na mbele ya rejeta pakingwe kwa ubao mwembamba, fundi akiutazama mshale wa joto bila kuondoa macho. Mshale ukipita kidogo mahali pake pa kawaida, feni ianze kunguruma na upepo uongezeke. Hapo ubao uondolewe mara moja. Isiponguruma, klachi irudishwe dukani ingali mpya. Ile ya zamani isiachwe gereji: ipelekwe stoo ya chama, ifungwe karatasi yenye tarehe, namba ya gari na kilomita ilizokwenda, ili wakaguzi wa COASCO wakiuliza waonyeshwe chuma pamoja na risiti.