Namna ya Kuomba Hukumu ya Hatia Itenguliwe

Wako watu waaminio kwamba mtu akisha kutiwa hatiani kortini, habari imekwisha, na yampasa kulibeba jina hilo mpaka kaburini. Imani hiyo imewapotezea wengi haki yao. Kila aliyehukumiwa nchini Kenya ana ruhusa ya kuomba korti ya juu iitazame upya hukumu yake, na Katiba ya mwaka 2010 yalitaja jambo hilo waziwazi katika kifungu cha 50.

Na tutwae mfano wa Hagadera, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 katika nchi kavu ya Garissa. Tuseme kijana wa huko amekamatwa nje ya kambi bila kibali, akapelekwa mbele ya hakimu. Mashtaka yakasomwa kwa Kiswahili, naye hajui ila Kisomali. Akaitikia “ndiyo,” kwa kuwa aliwaona waliomtangulia wakiitikia hivyo. Ikaandikwa kwamba amekiri, akafungwa.

Sheria husema kwamba aliyekiri kosa hana rufani ila juu ya adhabu yake tu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, lakini kukiri kwa mtu asiyefahamu alichoulizwa hakuhesabiwi kuwa ni kukiri. Mwaka 1973 Korti ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya Adan na Jamhuri, iliweka utaratibu wake. Mshtakiwa aelezwe mashtaka, na kila jambo lifanyalo kosa lile, kwa lugha yake au lugha aifahamuyo. Jibu lake liandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kama alivyolitamka. Kisha asomewe mambo yalivyotokea, apewe nafasi ya kuyakana. Akiyakana, iandikwe kwamba hakukiri. Kwa hiyo jaji wa Mahakama Kuu ya Garissa huchungua kumbukumbu za kesi: je, mkalimani alikuwapo, na alifasiri kwa lugha gani? Kumbukumbu zikinyamaza, hukumu yaweza kuanguka. Mkalimani huyo ni haki ya mshtakiwa, wala halipwi naye.

Rufani hukatwa kwa maandishi katika siku 14. Muda huo ni mfupi mno kwa mtu wa mbali, basi heri siku ile ile ya hukumu aombe nakala ya hukumu na ya kumbukumbu. Aliye gerezani humpa Mkuu wa Gereza hati yake, naye huipeleka kortini. Muda ukipita, mwenye sababu njema aweza kukubaliwa. Na korti ikiridhika kwamba nakala ndizo zilizochelewa, ni sharti imkubalie. Karatasi ya kuombea nakala, yenye tarehe, itunzwe kama fedha.

Lakini mwombaji asidhani kwamba kushinda ni kwenda nyumbani moja kwa moja. Korti yaweza kuamuru kesi ianze upya. Na anayelalamikia adhabu ajue kwamba yaweza kuongezwa.

Vipi ikiwa miaka imepita? Ikiwa hakukata rufani kwa wakati wake, au rufani yake imekataliwa na korti ya juu kabisa aliyokuwa na haki ya kuifikia, aweza kuiomba Mahakama Kuu kesi mpya, mradi umepatikana ushahidi mpya wenye nguvu. Shahidi aliyejulikana tangu mwanzo, akaachwa bila kuitwa, si ushahidi mpya.