Reli za Mezani: Injini Hulaumiwa Bure

Jioni ya siku ya mapumziko, katika baadhi ya nyumba za Uingereza, baba na watoto hukusanyika kandokando ya ubao uliotandikwa reli ndogo. Injini yenye urefu wa shibiri moja hivi huvuta mabehewa yake, hupita chini ya daraja la kadibodi, na ghafula huacha reli. Hurudishwa, huzunguka, huanguka tena. Mtoto hununa, baba hukata hukumu kwamba injini ni mbovu, na mwisho wa mwezi fedha za nyumba huenda dukani kununua nyingine. Nayo ile mpya, ikifika palepale, huanguka vilevile.

Siri imo katika neno hilo “palepale”. Behewa moja likianguka kila mahali, yafaa kutazama magurudumu yake. Mabehewa mbalimbali yakianguka mahali pamoja, kosa ni la reli. Askari hukagua mtutu wa bunduki kabla ya kuilaumu risasi.

Kipimo kinachopendwa zaidi huko Uingereza huitwa OO, na nafasi baina ya reli mbili ni milimita 16.5. Reli ya zamani itokayo Mombasa, iliyofika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, ina nafasi ya mita moja, yaani zaidi ya mara sitini. Kwa hesabu hiyo, kosa la nusu milimita mezani ni sawa na kosa la sentimita tatu katika reli ile kubwa, na hakuna mkaguzi wa njia ambaye angelifumbia macho.

Mahali pa kuanzia ni maungio. Vipande viwili vya reli hushikanishwa kwa kibati kidogo kilichokunjwa, na vitako vyote viwili vya reli hutakiwa kuingia ndani yake. Aghalabu, mtu akiunga kwa haraka, reli moja huingia na ya pili hupanda juu ya kibati. Jicho laweza kudanganyika, lakini ukucha haudanganyiki. Upitishwe polepole juu ya reli, kisha upande wa ndani ambako ukingo wa gurudumu husugua. Unapokwama, ndipo penye ugonjwa. Maungio hayo yafunguliwe na kuungwa upya, na ncha ya reli yenye makali isuguliwe kidogo kwa tupa laini. Baadaye behewa moja lisukumwe kwa kidole, bila umeme, kwenda na kurudi. Likitikisika, kazi bado haijakwisha.

Maungio yana kazi ya pili, nayo husahauliwa. Reli za Hornby Dublo zilipoanza kuuzwa mwaka 1938, umeme ulipitia reli ya tatu iliyokuwa katikati. Mwaka 1959 zikatolewa za reli mbili tu. Katika njia za namna hiyo, zisizotumia mitambo mipya ya tarakimu, reli moja huleta umeme wa volti 12 na ya pili huurudisha. Basi kibati kilicholegea ni sawa na waya uliokatika nusu: injini hukimbia karibu na kisanduku cha umeme, na ikifika mbali huzimia kama mgonjwa. Balbu ndogo ya volti 12 hutosha kuwa mpelelezi. Miguu yake miwili igusishwe kwenye reli mbili, hatua kwa hatua. Mwanga ukipungua baada ya ungio fulani, mkosaji amepatikana. Kibati kibanwe taratibu kwa koleo, au jozi nyingine ya nyaya ivutwe kutoka kwenye kisanduku hadi upande wa pili.

Volti 12 hazina madhara, walakini kisanduku chenyewe hupokea umeme wa ukutani wa volti zaidi ya 200, nacho kisifunguliwe na mtu yeyote nyumbani. Tena, risasi ya kulehemu nyaya ni sumu: dirisha liwe wazi, watoto wakae mbali, na mikono ioshwe kabla ya kushika chakula.

Uchafu huondolewa kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo. Sufu ya chuma isitumiwe, kwa kuwa nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota na kuiharibu.

Joto nalo lina hila zake. Reli nyingi za siku hizi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao Waingereza huuita fedha ya nikeli ingawa hamna fedha ndani yake. Mita tatu za reli hizo, joto likipanda kwa digrii 20, hurefuka kwa milimita moja hivi. Aliyeunga kila kitu barabara siku ya baridi, bila kuacha hata upenyo wa unene wa kadi, ataikuta njia imepinda wakati wa kiangazi, hasa katika vyumba vya darini.

Kazi ya ukucha ni bora apewe mtoto. Kidole chake hakijaota sugu, nacho huhisi kijabali ambacho baba amekipita mara tatu.