Dereva Bora Hatayarishwi kwa Siku Moja

Huko Marekani, mwaka 1937, yalianzishwa mashindano ya taifa ya madereva wa malori, ambayo leo husimamiwa na shirikisho la American Trucking Associations. Wengi wakisikia neno mashindano hudhani ni mbio. La hasha! Huko hakuna anayetunukiwa kwa kuwahi kufika. Hupimwa elimu ya dereva, jicho lake na mkono wake. Na kabla ya hayo yote hupimwa mwenendo wake. Tumeona inafaa kuyaeleza maandalizi yake, kwa kuwa yana mafunzo kwa kila ashikaye usukani wa gari kubwa na kwa kila mwenye gari hilo.

Sharti la kwanza ni kwamba mshindani awe amemaliza mwaka mzima bila ajali. Asiyetimiza hilo hafiki hata kwenye mashindano ya jimbo, ambako ndiko hupatikana wanaokwenda taifani. Ni dhahiri basi kwamba maandalizi hayaanzi wiki moja kabla ya siku yenyewe. Huanza siku ya kwanza ya mwaka ule, barabarani, mahali ambapo hakuna mwamuzi wala mshangiliaji.

Baada ya hapo upo mtihani wa maandishi. Dereva huulizwa sheria za barabara, uzimaji wa moto, uchukuzi wa mizigo ya hatari na kanuni za mapumziko. Huko, dereva wa mizigo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Mtu aliyeagana na daftari tangu shuleni hana budi kulirudia, akasoma kidogo kidogo kila jioni, maana elimu ya kukesha usiku mmoja huondoka na usiku huo.

Sehemu ya pili ndiyo ituvutiayo zaidi. Mshindani hupewa gari ambalo kasoro zimetiwa kwa makusudi na kufichwa, naye huzitafuta kwa dakika chache. Hawezi kufaulu kwa kubahatisha. Atafaulu yule ambaye kila alfajiri hulizunguka gari lake kwa njia ile ile: taa, tairi, springi, pini inayounga tela na kichwa, kamba na turubai. Aonapo mchirizi wa kutu unaotoka kwenye nati ya gurudumu, hujua kwamba pengine nati hiyo imelegea. Hukanyaga breki injini ikiwa imezimwa, akasikiliza kama upepo unavuja. Hufungua matangi ya upepo yatoke maji, maana maji hayo huleta kutu na kuziharibu breki. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii, ufa ni nati moja.

Mwisho ni uwanja wa ufundi. Hapo dereva hurudi nyuma mpaka karibu na jukwaa la kupakulia bila kuligusa, hupita kati ya vizuizi, na hukata kona huku magurudumu ya nyuma yakipita karibu kabisa na alama. Ugumu wake ni kwamba tela halifuati njia ya kichwa; kwenye kona hupita ndani zaidi. Na wakati wa kurudi nyuma, ukikata usukani kulia, tela huelekea kushoto. Haya hujifunzwa kwa mapipa matupu na tairi kuukuu katika uwanja wazi, polepole, mara mia, hadi mkono utii bila kuamrishwa.

Je, yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao haramu mnamo Novemba 1965, na njia ya mafuta ya Zambia kukatwa, malori yalibeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia barabara ya vumbi na matope iliyopewa jina la Njia ya Jehanamu, hadi bomba la mafuta lilipokamilika mwaka 1968. Madereva wale hawakutunukiwa kombe. Leo barabara ni ya lami, lakini mteremko wa Kitonga ungali pale pale, na anayeuteremka kwa kutegemea breki tupu badala ya gia ndogo huzichoma breki zake kabla hajafika chini.

Tungependa pia kuwaambia wenye magari: dereva hawezi kujiandaa peke yake. Anayemnyima dereva usingizi, akampa tairi lililokwisha na kumhesabia saa za kufika, hana haki ya kumdai ushindi, wala ya kumtupia lawama zote siku ya msiba. Ampe muda wa kukagua, na asikilize anaposema gari hili lisiondoke.

Shehena ni amana, na kila roho iliyoko barabarani ni amana iliyo kubwa zaidi. Kombe hupata mtu mmoja kwa mwaka. Kurudi nyumbani salama ni ushindi ambao kila dereva anaweza kuupata, kila safari, endapo atauandaa kabla ya kuwasha injini.