Kitufe Kimoja, Amri Mbili

Mgeni apigapo hodi na asijibiwe, hupiga tena. Mwenye nyumba, hata akisikia hodi tatu, hufungua mlango mara moja tu, kwa kuwa atambua kwamba mgeni ni yule yule. Kompyuta haina utambuzi huo mpaka ifundishwe. Ndiyo maana mzazi alipaye ada ya shule kwa njia ya mtandao, akibonyeza kitufe cha kulipa mara mbili kwa kuona jibu limekawia, aweza kukatwa fedha mara mbili.

Ili kuielewa hatari hiyo, yafaa kwanza kufahamu kwamba kubonyeza kitufe si kutenda jambo. Ni kutoa habari tu. Kidole kinapogusa kioo, kivinjari, yaani programu inayoonyesha kurasa za mtandao, huandika taarifa ya tukio: ni kitu gani kilichoguswa, mahali gani na wakati gani. Taarifa hiyo hushuka kutoka ukurasa mzima hadi kwenye kitufe, kisha hupanda tena kama povu majini.

Wajenzi wa viunzi, yaani programu za msingi ambazo juu yake tovuti hujengwa, wameitumia tabia hiyo. React, kiunzi kilichotolewa kwa umma na kampuni ya Facebook mwaka 2013, kwa kawaida hakiweki mlinzi katika kila kitufe. Huweka mlinzi shinani mwa ukurasa, naye hupokea taarifa zipandazo na kuzipeleka kwenye sehemu ya programu inayohusika.

Sehemu hizo aghalabu huandikwa kwa JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995. Katika ukurasa, programu ya lugha hiyo kwa kawaida hutenda jambo moja kwa wakati mmoja, na matukio mengine hungoja katika foleni. Basi kazi ya kwanza ikiwa nzito, ukurasa huonekana umeganda. Mtu hubonyeza tena, na amri ya pili hupanga foleni nyuma ya ya kwanza. Zote mbili ni halali machoni pa kompyuta.

Dawa ya kwanza ni kukifunga kitufe mara tu kinapobonyezwa, na kumwonyesha mtumiaji neno la kumtaka asubiri. Lakini dawa hiyo haitoshi. Huenda amri imefika, fedha zimekwisha katwa, na jibu ndilo lililopotea njiani. Kivinjari hakiwezi kutofautisha amri iliyopotea na jibu lililopotea. Mzazi atafungua ukurasa upya na kulipa tena.

Hapa hisabati yatoa msaada. Namba 47 ikikadiriwa katika makumi yaliyo karibu huwa 50. 50 ikikadiriwa tena hubaki 50. Lakini 47 ikijumlishwa na 10 huwa 57, na ikirudiwa huwa 67. Tendo la kwanza halidhuru likirudiwa. La pili hudhuru. Kukata fedha ni tendo la namna ya pili, na kazi ya mwandishi wa programu ni kuligeuza liwe la namna ya kwanza.

Njia yake yafanana na kitabu cha stakabadhi. Kila deni la ada hupewa namba ya pekee kabla kitufe hakijabonyezwa, na kila amri ya kulilipa huichukua namba ile ile. Kompyuta ipokeayo malipo huandika namba na malipo kwa pamoja. Namba hiyo ikija mara ya pili, haikati fedha. Hurudisha jibu la kwanza. Namba ikitolewa upya kila kitufe kinapobonyezwa, kinga yote hubatilika.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili darasani kwa vipande vya karatasi: mmoja atume maagizo, mwingine ayapokee, na wa tatu kati yao apoteze baadhi ya majibu. Hesabu za mwisho zitaonyesha kama maagizo yalikuwa na namba au la.