Mwomba Hifadhi Aliyevuka Mpaka na Kurudi

Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, na meli ya Liemba ikawachukua hadi Kigoma. Wakati huo walipokewa kwa pamoja kuwa wakimbizi. Mwezi Januari 2017 Tanzania iliuacha utaratibu huo. Aliyekuja baadaye ilimpasa kuomba hifadhi yeye mwenyewe na kungoja uamuzi. Je, anayengoja akirudi kwao kwa siku chache, kisha akaja tena, tumhesabu kuwa nani?

Tuchukue mfano. Mtu ametoka ng'ambo ya mto Malagarasi, ameandikishwa, naye angali anangoja. Analetewa habari kwamba mama yake yu mahututi. Anavuka usiku, anamkuta amefariki, anamzika, na siku ya nne anarejea. Doria inamkamata. Askari anamwuliza: "Kama kwenu kuna hatari, mbona umekwenda na kurudi salama?"

Swali hilo ni la haki. Mkataba wa Geneva wa 1951, na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, yote miwili husema kwamba ukimbizi hukoma mtu anapojirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa dola ya kwao, au anaporejea kukaa huko. Basi aendaye kila mara kufanya biashara, au achukuaye pasipoti ya serikali aliyoikimbia, hudhoofisha madai yake mwenyewe. Lakini aliyevuka kwa siri hakuomba ulinzi wa dola, aliikwepa. Mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, uliotolewa 1979, hueleza kuwa kumzuru mzazi mzee au mgonjwa si sawa na safari za mara kwa mara za mapumziko au biashara. Kila shauri hupimwa peke yake.

Ni nani apimaye? Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, kamati huchunguza maombi na kumshauri Waziri. Doria haikupewa kazi hiyo. Kazi yake ni kumpekua mtu kama ana silaha, kumwuliza alivukia wapi, lini na kwa nini, kuandika majibu kama alivyoyatamka, na kumfikisha kwa ofisa wa wakimbizi. Akikutwa na silaha, au akitumwa na kundi la wapiganaji, hilo ni jambo jingine: Mkataba wa 1969 unakataza wakimbizi kuzishambulia nchi wanachama.

Naye mwomba hifadhi afahamu kuwa akiondoka bila kuwaarifu wahusika, ombi lake laweza kuhesabiwa kuwa ameliacha.

Lisilofaa kabisa ni kumsukuma arudi ng'ambo usiku uleule. Mkataba huo wa 1969 unakataza kumzuia mtu mpakani, kumrudisha au kumfukuza aende mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Ombi likikataliwa, ziko njia za sheria za kumwondoa. Lakini aliyerudishwa mikononi mwa wauaji, hakuna kamati itakayoweza kulisikiliza tena shauri lake.