Cherehani ya "Mkono Mrefu" ni Ipi? Istilahi za Ushonaji wa Mifarishi

Katika kazi ya kutafuta istilahi, neno gumu mara nyingi halileti madhara makubwa. Mfasiri akilikuta husita, na anayesita huuliza. Neno la kuogopwa ni lile jepesi, ambalo kila kipande chake kinajulikana, hata mfasiri akalipitisha bila ya kulipima. Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa chombo kimoja, yaani cherehani kubwa ya kushonea mifarishi pamoja na kiunzi chake, kwa ajili ya mtu anayetaka kuitumia nyumbani.

Mahali tulipopachagua pa kuyapimia maneno yetu ni Kinampanda, katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Hapo pana chuo cha ualimu, na neno linalozoeleka chuoni husambaa pamoja na waalimu hadi shule za mikoa mingine. Tena uwanda wa juu wa Iramba una baridi katika miezi ya Juni na Julai, na pamba hulimwa katika sehemu hizo. Kwa hiyo nguo nzito ya kujifunika iliyotiwa pamba ni kitu chenye manufaa, wala si pambo tu. Zaidi ya hayo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeupa mkondo wa amali nafasi yake katika elimu ya sekondari. Ushonaji ni miongoni mwa kazi za amali, na mwalimu hawezi kufundisha kazi ambayo vyombo vyake havina majina yanayoeleweka.

Kwanza tuitazame nguo yenyewe. Mfarishi ni neno la zamani katika Kiswahili, na limeelezwa katika kamusi kwa maana ya tandiko lililotiwa pamba na kushonwa. Wako watakaosema kwamba neno hili halifai, kwa kuwa tandiko hulaliwa na nguo tunayoizungumzia hufunikwa. Sisi tunaona kwamba linafaa, kwa sababu muundo wa vitu hivi ni mmoja: tabaka tatu zilizoshikanishwa kwa mishono inayopenya zote. Tabaka ya juu tunaiita uso. Ya kati ni pamba au kijazo kingine. Ya chini ni bitana, neno ambalo mafundi cherehani wamelitumia siku nyingi. Duveti inayouzwa madukani siku hizi mara nyingi ni mfuko uliojazwa, na mishono yake ni michache. Mfarishi umeshonwa uso mzima, na mishono hiyo ndiyo inayoizuia pamba isihame na kujikusanya pembeni baada ya kufuliwa.

Sasa tuingie katika chombo. Katika Kiingereza, cherehani ya kushonea mifarishi huitwa kwa jina lenye maana ya "mkono mrefu". Mfasiri mwenye haraka ataandika "cherehani ya mkono mrefu", na maneno yote yatakuwa Kiswahili. Lakini tulipeleke jina hilo kwa fundi wa Kinampanda. Yeye anaijua cherehani ya mkono: ni ile inayozungushwa kwa mpini, ambayo huwekwa juu ya meza au hata mkekani. Anaijua pia cherehani ya miguu, ambayo hukanyagwa, na cherehani ya umeme. Akisikia "mkono mrefu" atafikiri mara moja kwamba ni cherehani ya kuzungusha kwa mpini ulioongezwa urefu. Kumbe chombo chenyewe huendeshwa kwa mota ya umeme, na hicho kinachoitwa mkono ni kiwiliwili cha chuma kinachotoka katika nguzo na kuning'iniza sindano.

Kosa hili lina sababu, na sababu yenyewe yafaa ikumbukwe na kila mfasiri. Neno cherehani asili yake ni Kiajemi, kutoka neno lenye maana ya gurudumu, na limepitia katika lugha za Bara Hindi. Waswahili walipolipokea walianza kuzibagua cherehani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutaja kinachoiendesha: mkono, miguu au umeme. Njia ya pili ni kutaja kazi yake, kama vile cherehani ya kudarizi. Jina linalotaja umbo la kiungo cha mashine haliingii katika utaratibu huo, na msikilizaji hulilazimisha liingie katika njia ya kwanza. Kwa hiyo tunapendekeza tuifuate njia ya pili na kusema cherehani ya mifarishi. Jina hilo halimwelekezi mtu kwenye mpini.

Hata hivyo, ule urefu hauwezi kuachwa, maana ndio unaopimwa wakati wa kununua. Ni nafasi iliyopo kati ya sindano na nguzo ya mashine. Nafasi hiyo tunapendekeza iitwe kwapa, kwa kuwa iko chini ya kiungo kilichonyoshwa, na nguo hupita hapo kama kitu kilichobanwa kwapani. Katika cherehani ya kawaida ya nyumbani kwapa huwa na upana wa sentimita 15 hadi 20 hivi. Katika cherehani ya mifarishi huwa kati ya sentimita 45 na 75. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu anayeshona katikati ya mfarishi wenye upana wa sentimita 220 kwa cherehani ya kawaida analazimika kukunja sentimita 110 za nguo nzito na kuzisukumiza katika kwapa la sentimita 18. Mikono huchoka, mishono hupinda, na bitana hujikunja kwa chini bila ya mshonaji kuona.

Chombo cha pili ni kile kinachoushikilia mfarishi wakati wa kushona. Wengi watapenda kukiita fremu, na neno hilo limezoeleka katika picha na madirisha. Lakini katika miji yetu ya leo fremu ni pia chumba cha duka cha kupangisha. Karani akipokea barua isemayo "tunaomba fedha za cherehani na fremu", anaweza kuielewa kuwa ni ombi la kodi ya duka, wala hatukuweza kumlaumu. Kiunzi ni neno bora zaidi: linataja mifupa ya kitu, kama viunzi vya chombo cha baharini, na mseremala yeyote atalielewa.

Kiunzi kina rola, ambazo ni miti au mabomba marefu. Uso na bitana huviringishwa kwenye rola za mbele, na sehemu iliyokwisha kushonwa huviringishwa kwenye rola inayopita ndani ya kwapa. Cherehani yenyewe hukaa juu ya kigari chenye magurudumu, nacho hutembea juu ya reli. Hapa ndipo kazi inapogeuka: katika cherehani ya kawaida nguo husogea na mashine hutulia, katika hii nguo hutulia na mashine husogea, ikiongozwa kwa vishikio viwili kama vya baiskeli. Mnunuzi akumbuke kwamba kadiri sehemu iliyoshonwa inavyoongezeka, rola inanenepa ndani ya kwapa na nafasi ya kushonea inapungua. Kwa hiyo kwapa la sentimita 45 halimpi mtu sentimita 45 za kazi.

Baada ya majina, hesabu. Tuchukue kitanda cha futi 5 kwa 6. Mfarishi wa kukifunika na kuning'inia pande zote unaweza kufikia upana wa sentimita 220. Bitana huachwa izidi sentimita 10 hivi kila upande ili ipate kushikwa. Jumla ni sentimita 240. Kiunzi chake basi hakiwezi kupungua mita 3, tukihesabu na miguu ya pembeni. Kwa upande wa kina, kiunzi na mashine vikihitaji mita 1.2, mshonaji akasimama mbele kwa sentimita 90 na kubakiwa na njia ya nyuma ya sentimita 60, tunapata mita 2.7. Chumba cha mita 3 kwa 3 hakitoshi, kwa kuwa kiunzi kitagusa kuta mbili na mtu hataweza kuzunguka. Mwenye chumba cha namna hiyo ama atumie sebule, ama achague kiunzi cha mita 1.5 na kushona mifarishi ya watoto, ama achague cherehani yenye kwapa pana inayowekwa mezani bila ya kiunzi, ambayo mshonaji hukaa na kuisogeza nguo kwa mikono.

Kipo kifaa kingine kinachohitaji jina. Mkono wa mshonaji hauendi kwa mwendo mmoja. Ukiharakisha, mishono huwa mirefu, na ukipunguza mwendo, huwa mifupi na kurundikana. Kifaa hiki hupima mwendo wa kigari na kuiamuru mota iongeze au ipunguze kasi ili mishono ilingane. Baadhi ya watu wangekiita kidhibiti, kwa kufuata kidhibiti mwendo cha mabasi. Lakini kidhibiti mwendo hukataza kasi isipite kiwango, na hiki hakikatazi kitu, husawazisha. Tunapendekeza kiitwe kisawazisha mshono. Kwa anayeanza, kifaa hiki kina thamani kuliko mapambo mengine yote ya mashine.

Mwisho ni umeme. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230 na marudio 50 kwa sekunde. Mashine iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani ni ya volti 120 hivi, na ikichomekwa moja kwa moja huungua. Ni lazima kibao cha mota kisomwe kabla ya kulipa, na kama volti si zake, bei ya transfoma iongezwe katika hesabu. Pia muuzaji aulizwe kama bei ni ya kichwa peke yake. Mafundi wanaposema kichwa, meza haimo. Na katika cherehani ya mifarishi, kiunzi mara nyingi huuzwa mbali.

Istilahi tulizozipendekeza ni hizi:

Mfarishi: nguo ya tabaka tatu, yaani uso, kijazo na bitana, iliyoshonwa uso mzima.
Cherehani ya mifarishi: cherehani yenye kwapa pana kwa kazi hiyo.
Kwapa: nafasi kati ya sindano na nguzo ya cherehani.
Kiunzi: umbo la miti au chuma linaloushikilia mfarishi wakati wa kushona.
Rola: mti au bomba la kuviringishia nguo.
Kigari: kitu chenye magurudumu kinachobeba cherehani juu ya reli.
Kisawazisha mshono: kifaa kinachoilinganisha mishono.

Mtu anayetumia akiba ya miaka mingi kununua chombo kimoja hana nafasi ya kukosea mara mbili. Barua ya kuagiza, hati ya zabuni na somo la darasani vinapaswa kumwambia jambo lile lile kwa neno lile lile. Waalimu na mafundi wanaotumia maneno mengine kwa vitu hivi tunawaomba wayapeleke mbele ya wenzao yapimwe kama tulivyoyapima haya: msomee fundi jina hilo, kisha mwombe akuchoree chombo anachokifikiria.