Mapenzi Yaliyobeba Siasa: Sinema ya Indonesia

Filamu za mapenzi hazipewi heshima. Anayetaka kuijua nchi huambiwa atazame filamu za vita au za siasa. Hizi nyingine ni za kuwaliwaza vijana mwisho wa juma. Kwa Indonesia ushauri huo unapotosha. Tangu dikteta Soeharto alipoachia madaraka Mei 1998, visa vya wapendanao ndivyo vilivyobeba swali zito kuliko yote: maisha ya kijana yako mikononi mwa nani, mzazi, dini au dola?

Chukua Ada Apa dengan Cinta? ya mwaka 2002, iliyowarudisha vijana kwenye kumbi za sinema baada ya miaka ya tisini, ambapo utengenezaji wa filamu nchini humo ulikuwa umebaki taabani. Kwa juu juu ni kisa cha shule: Cinta, binti mwenye mashoga tele, na Rangga, mvulana mkimya anayependa mashairi. Lakini angalia Cinta anapokwenda nyumbani kwa kina Rangga. Baba wa kijana ni msomi aliyekorofishana na watawala, na Cinta akiwa bado ndani, bomu la petroli linarushwa kwenye nyumba. Baadaye baba na mwanawe wanahamia New York. Kinachowatenganisha wapenzi hawa, basi, si wivu wala fitina za mashoga, ni uadui wa kisiasa uliowafuata hadi mlangoni. Hakuna anayetoa hotuba, na hapo ndipo uhodari wa filamu ulipo.

Dini nayo iliingia ukumbini. Mwaka 2004 Buruan Cium Gue! ilipita kwenye bodi ya ukaguzi, kisha ikaondolewa sokoni kwa shinikizo la wahubiri waliokasirishwa hasa na jina lake lenye kuomba busu. Miaka minne baadaye Ayat-Ayat Cinta ya Hanung Bramantyo ikavuta watazamaji zaidi ya milioni tatu. Shujaa wake, Fahri, anasoma Chuo Kikuu cha Al-Azhar mjini Cairo, na anajikuta na wake wawili. Wapo walioiona kama tangazo la ukewenza. Sikubaliani nao kabisa, kwa kuwa kamera inabaki ndani ya nyumba hiyo muda wa kutosha kumwonyesha Aisha, mke wa kwanza, akiumia, na mume mwema akishindwa kumridhisha kila mmoja.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja yangu ni Dilan 1990 ya mwaka 2018, iliyouza tiketi zaidi ya milioni sita. Ni mji wa Bandung wa enzi za Soeharto, pikipiki na maneno matamu, na udikteta hauonekani popote. Dilan na Milea wote ni watoto wa wanajeshi, lakini jeshi lenyewe limebaki kuwa sare ya baba tu. Nakiri kwamba hapo sinema inasahaulisha. Ila umaarufu wake nao ni ushahidi wa jinsi watu wanavyotamani kuukumbuka wakati ule bila hofu yake. Tena, miezi michache kabla yake, Posesif ya Edwin ilikuwa imeonyesha mvulana mwenye maneno matamu vilevile akimpiga na kumtawala mpenzi wake.

Dua Garis Biru ya Gina S. Noer, ya mwaka 2019, ilipigwa vita mtandaoni kwa sababu ya trela tu. Dara na Bima ni wanafunzi, na binti ni mjamzito. Wazazi wa pande mbili wanakutana katika chumba cha huduma ya kwanza shuleni, wanagombana mbele ya watoto, na kamera haikatizi. Wanaozwa, kisha Dara anamwacha mtoto kwa kina Bima na kwenda kusoma Korea. Mwaka huohuo umri wa msichana kuolewa ulipandishwa kisheria kutoka miaka 16 hadi 19. Filamu haikuleta sheria hiyo. Mahakama ya Katiba ilikuwa imekwisha kuidai tangu Desemba 2018. Lakini waliokaa ukumbini walishaona kwa saa mbili kile ambacho wabunge walikuwa wakikipigia kura.